Ubunifu ni Nini Hasa?

Neno "ubunifu" husikika mara nyingi katika mikutano ya wananchi, na aghalabu humfanya msikilizaji afikirie kompyuta au mtambo mpya kutoka ng'ambo. Maana yake ni pana zaidi. Uvumbuzi ni kupata wazo au kitu ambacho hakikuwapo. Ubunifu ni kuliweka jambo jipya au lililoboreshwa katika matumizi, likawafaa watu. Wazo linalobaki kabatini, hata liwe zuri namna gani, halijawa ubunifu.

Wakazi wa Rau wana mifano ya karibu. Muda mrefu kabla ya mmisionari Johannes Rebmann kufika Kilimanjaro mwaka 1848, Wachagga walikuwa wamechimba mifongo iliyoteremsha maji kutoka mitoni hadi vihambani bila pampu yoyote. Kupima mteremko kulihitaji ustadi, lakini mfongo ulidumu kwa utaratibu wake: zamu za kumwagilia na siku za kusafisha mfereji kwa pamoja.

Mfano wa pili ni wa tambarare. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliokamilika mwaka 1987 kwa ushirikiano na Japani, hutumia maji ya mito Njoro na Rau. Mavuno mazuri ya mpunga yaliwavutia wakulima wa sehemu za juu, nao wakaanza kuulima. Maji yakapungua kwa walio chini. Hivyo, manufaa ya ubunifu hayana budi kupimwa kwa wote wanaotumia mto mmoja.

Kilimo shadidi cha mpunga, kilichoanzia Madagaska katika miaka ya 1980, kinajibu tatizo la aina hiyo. Miche hupandikizwa ikiwa na siku 8 hadi 15, mmoja mmoja, kwa nafasi ya sentimita 25 kwa 25. Shamba hunyweshwa na kuachwa likauke kwa zamu, badala ya kujaa maji msimu wote. Mbegu mpya si lazima, wala mtambo mkubwa. Ila palizi huongezeka, kwa kuwa maji yaliyotuama huzuia magugu.

Kabla ya kupokea jambo lolote linaloitwa ubunifu, mwananchi anashauriwa kuuliza: Linatatua tatizo gani? Nani atalitunza? Nani atabeba gharama yake? Mkulima mwenye wazo, au anayetaka kujifunza kilimo shadidi, aonane na afisa ugani wa kata yake.