Muda katika kompyuta: kanda za saa na saa zinazosogezwa

Mtahiniwa, ukishajua kwamba dunia huzunguka nyuzi 15 kwa kila saa moja, umepata nusu ya mada hii. Nusu ya pili ndiyo inayowaangusha wengi: saa ya nchi haifuati longitudo peke yake, hufuata pia sheria ya nchi hiyo.

Chukua mechi ya ligi ya Uingereza inayoanza 15:00 kwa saa za London. Januari unaitazama saa 12 jioni, Agosti saa 11 jioni. Si sisi tuliosogeza saa. Tanzania na Kenya zipo saa tatu mbele ya UTC mwaka mzima. Waingereza husogeza saa zao mbele kwa saa moja Jumapili ya mwisho ya Machi, wakazirudisha nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba.

Tazama hasara yake ndani ya programu. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Oktoba 2023, London ilipofika 02:00, saa zilirudishwa hadi 01:00. Basi 01:30 ilitokea mara mbili! Tuseme mteja aliweka fedha benki 01:50, saa zikarudishwa, kisha akazitoa 01:10. Zimepita dakika 20 tu. Lakini kanzidata iliyoandika saa ya ukutani pekee itaonesha kwamba alitoa fedha kabla hajaziweka.

Dawa yake ni kuhifadhi tukio kwa UTC, kisha kuligeuza kuwa saa ya mahali wakati wa kulionesha. Kompyuta nyingi huhesabu sekunde tangu 00:00 UTC ya tarehe 1 Januari 1970. Dar es Salaam wakati huo ilikuwa 03:00, yaani saa tisa usiku. Kwa miadi ya siku zijazo UTC peke yake haitoshi, kwani serikali yaweza kubadili sheria. Hapo hifadhi saa ya mahali pamoja na jina la eneo, mfano Europe/London.

Swali: Lipi lilitangulia, tukio A (2023-10-29 01:50 +01:00) au tukio B (2023-10-29 03:30 +03:00)?

Jibu: Toa tofauti iliyoandikwa mwishoni, usijumlishe, maana alama ya + inaonesha kuwa mahali hapo pako mbele ya UTC.
A: 01:50 − 1:00 = 00:50 UTC.
B: 03:30 − 3:00 = 00:30 UTC.
Tukio B lilitangulia kwa dakika 20.