Inyambo: bingwa aliyebaki kwenye majina

Na Mwandishi Maalumu, Kigali

MWISHONI mwa mwaka uliopita nilialikwa kwenye sherehe ya posa na mahari upande wa Kicukiro, hapa hapa Kigali. Kama ilivyo desturi, wazee wa pande mbili walirushiana maneno kwa muda mrefu, utani ukawa mwingi, soda zikagawiwa. Hatimaye akasimama mzee mmoja, shuka begani na fimbo mkononi, akaanza kuwasifu ng'ombe wa mahari kwa majina. Alisema kwa kasi, bila kupumua, kama mtu anayetaja askari waliorudi vitani na ushindi. Wazee walitikisa vichwa kwa furaha. Vijana walitoa simu zao wakapiga picha.

Mpwa wangu, mwenye umri wa miaka tisa, aliniinamia sikioni.

"Mjomba, hao ng'ombe wako wapi?"

Swali lilikuwa la haki. Uani palikuwa na magari, hema, viti vya plastiki na spika. Ng'ombe hakuwepo hata mmoja. Nikamwambia wako Nyagatare, ataonyeshwa siku nyingine. Akauliza tena: "Na hayo majina ni ya kwao kweli?"

Hapo nilikosa jibu. Mimi ni mwalimu, nimezoea kuulizwa na watoto, lakini lile lilinishinda. Ukweli ni kwamba sifa zile hazikuanza na ng'ombe wa mahari. Zimerithiwa kutoka kwa ng'ombe wengine kabisa, Inyambo, ng'ombe wa mfalme, ambao mtoto yule hajawahi kuwaona. Makala haya ni jibu ninalomdai.

Bingwa asiyekimbia

Kila taifa lina mnyama wake wa kujivunia. Wafanyabiashara wetu wanaofika Nairobi wanaufahamu uwanja wa Ngong, ambako farasi wanashindanishwa mbio tangu mwaka 1954. Huko Australia alikuwapo farasi mmoja, Phar Lap, aliyezaliwa New Zealand na kushinda kombe kubwa la Melbourne mwaka 1930. Alipokufa ghafla California mwezi Aprili 1932, watu walilia kana kwamba wamefiwa na ndugu. Hawakukubali aende moja kwa moja. Ngozi yake imehifadhiwa katika makumbusho ya Melbourne, moyo wake uko Canberra, na mifupa yake imesimamishwa Wellington, New Zealand. Farasi mmoja, makumbusho matatu, nchi mbili.

Bingwa wa Rwanda hakukimbia. Alitembea. Na alipokufa, kilichohifadhiwa hakikuwa ngozi wala moyo wake. Lilikuwa jina lake na sifa zake.

Inyambo ni wa ukoo mmoja na ng'ombe wenye pembe ndefu wanaofugwa Ankole nchini Uganda na Karagwe nchini Tanzania. Lakini si kila mwenye pembe ndefu ni Inyambo. Hawa walichaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa umbo, kwa rangi, hasa ile nyekundu iliyoiva inayoitwa bihogo, na kwa pembe zinazopanda juu kwa mpindo mmoja na kupita urefu wa mita. Dume wa Inyambo alipandishwa kwa majike wa kawaida, kisha watoto wao wakapandishwa tena kwa dume wa Inyambo, na hivyo hivyo kwa vizazi kadhaa, mpaka kundi zima likastahili kuitwa kwa jina hilo. Ni kazi ile ile ya mfugaji wa farasi wa mbio, anayekaa na daftari la ukoo. Tofauti ni kwamba daftari la wazee wetu lilikuwa kichwani.

Ndama wa Inyambo alianza shule mapema. Alizoezwa kuitikia wimbo wa mchungaji wake, kutembea polepole, kunyanyua kichwa na kutoshtuka mbele ya umati. Alisuguliwa mwili mpaka ukang'aa. Siku ya gwaride alivishwa shanga kwenye paji la uso na kwenye pembe, akapitishwa mbele ya mwami na watu wake. Kila kundi lilikuwa na mkuu wake, umutahira, aliyewajibika kwa lolote lililowapata. Tena makundi hayo yaliunganishwa na majeshi ya nchi, hata mwanahistoria Padri Alexis Kagame alipoandika kitabu chake juu yao mwaka 1961 aliyaita majeshi ya ng'ombe.

Katika kila kundi alikuwapo mmoja aliyewapita wenzake wote. Huyo aliitwa indatwa, yaani anayesifiwa. Hapo aliingia kazini mtunzi, umwisi, ambaye kazi yake ilikuwa kumtungia kila ng'ombe shairi lake, akianza na yule bora. Katika mashairi hayo, yanayoitwa amazina y'inka, ng'ombe ni shujaa wa vita na pembe zake ni mikuki. Sanaa hii iliheshimika sana, kiasi kwamba mwaka 1949 Padri Kagame huyo huyo alichapisha utenzi wa kuchekesha, Indyohesha-birayi, akimsifu nguruwe kwa mtindo uliotengwa kwa ng'ombe wa kifalme. Watu walicheka kwa sababu kila mmoja alijua sifa zile ni za nani.

Tusisahau upande wa pili

Itakuwa si haki kumsifu ng'ombe wa mfalme bila kusema alimgharimu nini mtu wa kawaida. Babu yangu alikuwa mchungaji. Aliwaogesha na kuwakinga na simba ng'ombe ambao hawakuwa wake. Ng'ombe ndiye aliyekuwa mali, cheo na usalama, na asiyekuwa naye alijiweka chini ya mwenye naye, akimtumikia ili apewe wa kutunza. Mfumo huo uliitwa ubuhake. Mwami Mutara III Rudahigwa ndiye aliyeufuta, mwaka 1954. Kwa hiyo wapo Wanyarwanda ambao wakisikia neno Inyambo wanakumbuka uzuri, na wapo wanaokumbuka mzigo. Wote wawili wanasema kweli.

Hata hivyo lugha yetu yote imenyweshwa maziwa ya ng'ombe huyo. Tunamtakia mtu heri kwa kumwambia "gira inka", uwe na ng'ombe. Tunaapa au kushukuru kwa kusema fulani alinipa ng'ombe. Tunawaita mabinti zetu Munganyinka, mwenye thamani sawa na ng'ombe, Zaninka, lete ng'ombe, na Giramata, uwe na maziwa. Na akina mama wanapocheza umushagiriro, mikono juu, hatua za taratibu, wanaigiza mwendo wa ng'ombe hao. Yule mpwa wangu ameona ngoma hiyo mara kumi. Hakujua wanaigiza nini.

Mapigo matatu

Inyambo wamepita katika mapigo makubwa matatu. La kwanza ni sotoka, iliyozikumba nchi za maziwa makuu mwanzoni mwa miaka ya 1890, enzi za Kigeli IV Rwabugiri. Iliua ng'ombe wengi kuliko vita yoyote. Ugonjwa huo dunia nzima imetangaza kuumaliza mwaka 2011.

La pili lilianza mwaka 1959. Rudahigwa alifariki ghafla Bujumbura tarehe 25 Julai mwaka huo, machafuko yakafuata mwezi Novemba, na mwaka 1961 ufalme ukafutwa. Mfalme alipoondoka, ng'ombe wa mfalme alibaki bila mwenyewe, na watunzi wakabaki bila wa kumtungia. Maelfu ya familia zilivuka mipaka kuelekea Uganda, Burundi, Kongo na Tanzania. Wengine walivuka na mifugo, wengine mikono mitupu.

Baba yangu alikuwa wa kundi la pili. Mimi nilizaliwa na kusoma Karagwe, ng'ambo ya Mto Akagera. Kiswahili hiki ninachoandika nilifundishwa kule, chini ya paa la bati, na walimu ambao sitaacha kuwashukuru. Jioni baba alikaa nje akayataja majina ya ng'ombe waliochungwa na babu, mmoja mmoja, na mama yake kila mmoja, na alipoteleza alianza upya. Tulikuwa na mbuzi wanne. Mimi niliona aibu, nikidhani majirani watamwona kichaa. Miaka mingi baadaye ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa anafanya kazi ya daftari.

Pigo la tatu ni la mwaka 1994. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, ng'ombe nao waliwindwa. Walichinjwa mbele ya wenyewe, kwa sababu muuaji alijua kwamba kumaliza ng'ombe wa mtu ni kumaliza jina lake. Sehemu kubwa sana ya mifugo ya nchi ilipotea katika miezi michache. Baada ya hapo ndipo tulipoanza kurudi, na wale waliotoka Uganda na Tanzania waliswaga makundi makubwa mpaka Umutara. Malisho yalihitajika kiasi kwamba mwaka 1997 Hifadhi ya Akagera ilipunguzwa zaidi ya nusu ya eneo lake. Wengi wa ng'ombe hao walikuwa na pembe ndefu. Lakini walikuwa ng'ombe wa familia, si majeshi ya mwami.

Lita dhidi ya pembe

Leo adui wa ng'ombe mwenye pembe ndefu si sotoka wala panga. Ni hesabu. Ng'ombe wa asili hutoa lita chache tu kwa siku, wakati Friesian aliyelishwa vizuri hutoa kumi, hata ishirini. Anahitaji eneo dogo, analishwa bandani, na mbegu yake inapatikana kwa uhimilishaji. Mpango wa Girinka, ulioanzishwa mwaka 2006 ili kila familia maskini ipate ng'ombe, umegawa zaidi ya ng'ombe laki nne, wengi wao wa kisasa au chotara. Watoto darasani kwangu wanakunywa maziwa hayo. Siwezi kusimama mbele yao nikasema Friesian ni mbaya. Kule Mbarara wafugaji wamefanya hesabu hiyo hiyo, kama wachuuzi wa maziwa na mifugo wanavyojua vizuri.

Ila kuna kitu ambacho lita hazikipimi. Mpaka wa Gatuna ulifungwa Februari 2019, na wengi wenu mnaosoma hapa mlipoteza mitaji yenu. Ulifunguliwa tena tarehe 31 Januari 2022. Mwezi Machi mwaka huo Jenerali Muhoozi Kainerugaba, mtoto wa Rais Museveni, alikuja Kigali, na Rais Paul Kagame akampeleka kwenye shamba lake Bugesera akampa zawadi ya Inyambo kumi. Angeweza kumpa chochote. Alichagua kitu ambacho pande zote mbili za mpaka zinakielewa bila mkalimani.

Waliobaki Rukari

Ukitaka kuwaona, panda basi Nyabugogo kuelekea Huye, ushuke Nyanza, mwendo wa saa mbili hivi. Pikipiki itakufikisha Rukari, ilipo ikulu aliyojengewa Rudahigwa miaka ya 1930, ambayo sasa ni makumbusho. Kuna nyumba ya msonge iliyojengwa upya kwa mfano wa makao ya wafalme wa kale, na nyuma yake kuna zizi la Inyambo.

Nilimpeleka mpwa wangu likizo ya mwezi wa nane. Mchungaji alianza kuimba kwa sauti ndogo, karibu na sikio la ng'ombe mmoja. Wimbo ulipoendelea ng'ombe yule alinyanyua kichwa, pembe zikaenda nyuma, akasogea hatua moja, akatulia, akasogea nyingine. Mtoto hakutoa simu. Alisimama tu, mdomo wazi. Kisha akamuuliza mchungaji swali lake lile lile: "Huyu anaitwa nani?"

Mchungaji akamtajia, na akaongeza jina la mama yake.

Hapo ndipo nilipopata jibu langu. Mwenye Phar Lap anaweza kufunga mlango wa makumbusho akaenda kulala. Ngozi na mifupa vitamngoja. Inyambo si hivyo. Ng'ombe akibaki na jina likafa, ni mnyama mzuri wa kupigwa picha na wageni. Jina likibaki na ng'ombe akafa, ni kelele za harusini. Wote wawili wanahitaji mtu katikati, anayejua kuimba na anayejua ukoo, na watu hao wamezeeka.

Kwa hiyo nina ombi kwa ndugu zangu tuliorudi. Wengi wetu tulirudi na masanduku, vyeti vya shule za kigeni na lugha za watu. Baadhi yetu tulirudi na majina vichwani, tuliyosimuliwa na wazazi ambao hawakubahatika kurudi. Baba yangu amezikwa Karagwe. Nimeanza kuyaandika aliyoyataja, jina na mama yake, jina na mama yake, kwenye daftari la shule la kurasa tisini na sita. Yamefika kumi na saba. Najua yalikuwa zaidi.

Kama nyumbani kwako bado yupo mzee anayeyakumbuka, usingoje harusi. Muulize leo jioni.