Dume anayelinda mayai ni mtaji wa Ziwa Erie

Katika Ziwa Erie, mpakani mwa Marekani na Kanada, uvuvi wa besi mdomo-mdogo hupamba moto baridi inapoisha. Maji yakifikia nyuzi joto 15 hivi, dume huchimba kiota kwenye changarawe, jike hutaga na kuondoka. Dume hubaki akilinda mayai na kumvamia kila anayekaribia, ndiyo maana hunaswa kirahisi kwa ndoana. Akitolewa, gobi, samaki wadogo wageni walioonekana kwanza katika Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini mwaka 1990, huyala mayai upesi.

Wenye boti, hoteli na maduka ya ndoana wanategemea wavuvi wa burudani. Kumrudisha dume haraka si huruma tu, ni hesabu ya biashara: mfugaji hachinji kuku anayeatamia.