Tusizoee Mashine Inayouma



Umeme si mgeni huku kwetu mpakani. Bwawa la Owen Falls kule Jinja lilifunguliwa mwaka 1954, na kabla ya uhuru laini kubwa ya volti 132,000 ilikwisha kupita Tororo, ikaingia Kenya hadi Nairobi. Leo saruji ya Tororo na sukari ya Busia hutengenezwa kwa mitambo ya umeme, usiku na mchana. Lakini kitu kilichozoeleka huacha kuogopwa, na hapo ndipo kinapoua.

Katika kiwanda kimoja tuliwakuta akina mama wanaoosha sakafu wakilalamika kwamba mashine fulani inawauma wakiigusa. Walipomweleza fomeni, aliwapa gunia kavu la kukanyagia, kazi ikaendelea. Stiwadi wetu alikataa. Fundi wa umeme alipoitwa alikuta waya wa ardhi umekatika, na waya wenye moto umechubuka unagusa chuma. Gunia lile lingelowa siku moja tu, tungekuwa tunachanga pesa za maziko.

Waya wa ardhi ni ule wa rangi ya kijani na njano. Umeme ukivuja kwenye chuma, waya huo huupeleka ardhini na fyuzi hukatika. Waya ukikosekana, njia inayobaki ni mwili wa mfanyakazi. Wala tusidanganywe kwamba ni umeme mdogo. Balbu ya wati 60 kwenye volti 240 hutumia robo ya ampea. Sehemu moja ya kumi ya ampea ikipita kifuani yatosha kuuvuruga moyo hadi usimame. Jasho, miguu mitupu na sakafu yenye maji huufungulia umeme mlango.

Kwa hiyo tushike haya:

1. Mashine ikiuma, iache, zuia wenzako, toa habari mara moja.

2. Asiye fundi asifungue mashine, hata akiamrishwa. Kibarua si fundi wa umeme.

3. Kabla ya kutengeneza, swichi kuu izimwe na ifungwe kwa kufuli. Ufunguo ukae mfukoni mwa yule anayetengeneza. Kisha apime kuhakikisha kwamba moto haupo.

4. Fyuzi isifungwe kwa kipande cha waya. Huko ni kumfukuza mlinzi na kuacha mlango wazi.

5. Shambani, tusipakie miwa juu kupita kiasi na kupita chini ya nyaya, wala tusisimamishe mabomba au ngazi za chuma karibu nazo. Waya ukianguka, kaa mbali, hata kama unaonekana umekufa.

6. Mwenzako akinaswa, usimshike. Zima swichi kwanza. Kama hapumui, mlaze chali, bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu na upesi, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku wengine wakitafuta gari. Kumfukia mchangani au kumnywesha maziwa hakumsaidii. Hata akiinuka mwenyewe, apelekwe hospitali.

Sheria ipo upande wetu. Kenya ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, na Uganda ina yake ya 2006. Zote mbili zinamtwika mwajiri wajibu wa kulinda maisha ya mfanyakazi. Kwa Kenya, mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Tena mfanyakazi akitoa habari ya hatari kubwa, asirudishwe pale mpaka itengenezwe. Basi stiwadi aandike tarehe, saa na jina la aliyepewa habari. Neno la mdomo hupotea, karatasi hubaki.

Mara nyingi baada ya ajali husemwa kwamba marehemu alikuwa mzembe. Siku hiyo tuulize kwa sauti moja: waya wa ardhi ulikaguliwa lini, na ufunguo wa swichi alikuwa nao nani?