Gari Linalochemsha Kwenye Foleni

Gari linatoka Bagamoyo, linapita Kiromo, Zinga na Kerege bila shida, halafu linanasa kwenye foleni ya Bunju na kuanza kuchemsha. Gari kama hilo limeshataja ugonjwa wake, ila wengi hatulisikilizi. Tunafika gereji na kusema tu "linachemsha"; fundi anang'oa themostati, anajaza maji, tunalipa. Siku ya pili tuko pembeni ya barabara pale Tangi Bovu, boneti juu.

Swali la kwanza la fundi makini ni hili: linachemsha wapi? Likiwa kwenye kilomita 80 kwa saa, upepo wa mwendo unatosha kupoza rejeta. Likisimama, kazi yote inabaki kwa feni. Kwa hiyo gari linalotulia barabara nyeupe na kupandisha joto foleni, mtuhumiwa wa kwanza ni feni, pamoja na kila kinachoipa umeme au kuizuia kuvuta hewa. Linalochemsha likiwa mwendoni au likipanda mlima na mzigo, hapo shuku rejeta iliyoziba ndani, pampu ya maji iliyochoka au themostati iliyogoma kufunguka. Maji yakipungua, au mfuniko wa rejeta ukilegea, gari laweza kuchemsha popote. Anza na hivyo viwili injini ikiwa baridi, maana kuvitazama ni bure.

Sasa feni yenyewe. Washa gari, kisha washa kiyoyozi. Kwenye magari mengi madogo ya Kijapani, feni inatakiwa kuanza kuzunguka mara kompresa inaposhika. Ikikaa kimya, angalia fyuzi, kisha relei. Mara nyingi relei ya honi ni ya aina ileile, unaweza kuiazima kwa kupimia. Bado kimya? Zima gari, chomoa soketi ya feni, upeleke umeme wa betri moja kwa moja kwenye mota. Mota ikizunguka, ni nzima, hivyo tafuta kosa kwenye waya, relei au sensa ya joto. Isipozunguka, kaboni zimeisha au mota imekufa.

Huku pwani kuna kosa linalopita machoni pa mafundi wengi. Chomoa soketi ya feni kwenye gari lililolala miaka Kaole au Mbegani, karibu na maji, utakuta pini zimeota kutu ya kijani kwa sababu ya hewa ya chumvi. Umeme unapita kwa shida, feni inazunguka kivivu, na fundi akiiona inazunguka anaipitisha. Usiridhike na kuzunguka. Shika karatasi mbele ya rejeta: feni nzima inaivuta na kuing'ang'aniza pale. Ikianguka, feni ni dhaifu au njia ya hewa imeziba. Ikisukumwa kuja kwako, aliyefunga mota mpya amegeuza waya, na feni inapuliza kinyume.

Chungulia pia kati ya rejeta ya kiyoyozi na rejeta ya maji. Vumbi laini na wadudu hujazana hapo, mahali ambapo ukitazama kwa mbele huoni kitu. Osha kwa maji yasiyo na nguvu kubwa, ukitokea upande wa injini kwenda mbele. Na lile kasha la plastiki linaloizunguka feni lisitupwe baada ya ajali. Bila kasha, feni huvuta hewa ya pembeni, ileile yenye joto iliyotoka kwenye injini.

Themostati nayo inaonewa sana. Husemwa kwamba nchi ya joto haiihitaji. Si kweli. Kwenye injini nyingi za Toyota huanza kufunguka karibu na digrii 82, na inapofunguka, kitako chake huziba njia ya mkato ya maji. Ukiing'oa, njia hiyo inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Umelipa ili gari lizidi kuchemsha.

Maji ya kisima cha pwani, yenye chumvi, usiyatie kabisa. Hula alumini na kuacha magamba ndani ya rejeta. Tia kulanti. Mfuniko nao ubadilishe kwa wenye namba ileile: mfuniko wa 1.1, ukibana sawasawa, hupandisha kiwango cha kuchemka hadi karibu digrii 120.

Joto likianza kupanda ukiwa katikati ya foleni, zima kiyoyozi, fungulia hita mpaka mwisho na ushushe vioo; hita nayo ni rejeta ndogo. Taa nyekundu ikiwaka, egesha na uzime injini. Mfuniko usiuguse kwa nusu saa au zaidi, na usimwagie maji baridi injini iliyokaukiwa, kwani silinda hedi ya alumini hupinda. Oili ikishakuwa kama chai ya maziwa, gasketi imeungua na maji yameingia kwenye oili. Gari lisiwashwe tena, livutwe.

Kabla ya kulipa, mwombe fundi aliache gari likinguruma dakika 20 palepale gereji, boneti imefungwa na kiyoyozi kinafanya kazi. Kisha zima kiyoyozi na usubiri: feni inapaswa kuwaka, kuzima na kuwaka tena yenyewe.