Nimodipini na mlango mmoja wa kalisi

Kalisi ndiyo inayoiwezesha seli ya neva kupeleka ujumbe kwa jirani yake, na kalisi hiyohiyo huweza kuiua. Nje ya seli imejaa tele. Ndani, seli ikiwa imetulia, ni pungufu kwa zaidi ya mara 10,000. Pampu za utando wa seli huitoa nje usiku na mchana, kwa nguvu itokanayo na sukari na oksijeni. Damu ikikatika, nguvu huisha, milango hufunguka na kalisi humiminika ndani. Vimeng'enya vilivyokuwa vimetulia huamka na kuanza kula protini za seli yenyewe.

Milango hiyo ni ya aina nyingi, na dawa ya nimodipini huziba hasa aina iitwayo L. Ni ndugu wa nifedipini na amlodipini, ambazo wagonjwa wa presha wanazijua, ila yenyewe huyeyuka vizuri katika mafuta na kupenya hadi kwenye ubongo. Ilikusudiwa kulegeza mishipa. Mshipa uliotuna kichwani ukipasuka na damu kuuzunguka ubongo, siku chache baadaye mishipa mingine hujikaza. Mwaka 1989 watafiti wa Uingereza walitoa matokeo ya wagonjwa 554 wa aina hii: sehemu ya ubongo ilikufa kwa 22% ya waliopewa nimodipini, na 33% ya waliopewa vidonge visivyo na dawa.

Ajabu ni kwamba picha za mishipa, katika tafiti mbalimbali, hazikuonyesha tofauti kubwa. Mishipa ilibaki imejikaza, wagonjwa wakapata nafuu. Ndiyo maana wengi wetu tunaamini dawa hii huzikinga seli zenyewe, pengine pamoja na kufungua vimishipa vidogo visivyoonekana kwenye picha.

Dozi ya kawaida ni miligramu 60 kila saa 4, kwa siku 21. Muuguzi humwamsha mgonjwa hata usiku wa manane na kumpima presha kwanza, kwa sababu presha ikishuka mno ubongo hukosa damu upya. Asiyeweza kumeza hupewa kwa mpira wa kulishia. Kimiminika cha ndani ya kapsuli kisidungwe kamwe kwenye mshipa. Kosa hilo limewahi kuua.

Kwa kiharusi cha mshipa kuziba, dawa haikufaa. Utafiti wa VENUS wa Uholanzi, uliochapishwa 2001, uliwaanzishia wagonjwa dawa ndani ya saa 6, ukasimamishwa mapema kwa kukosa dalili ya faida. Sababu mojawapo ni kwamba seli zinazokosa damu humwaga kemikali iitwayo glutameti, nayo hufungua milango ambayo nimodipini haiigusi.

Viharusi hivi viwili, cha mshipa kupasuka na cha mshipa kuziba, hutofautishwa kwa CT scan, si kwa kumtazama mgonjwa. Tafadhali usimnunulie mtu dawa hii dukani kwa kubahatisha. Kichwa kikimuuma ghafla, kwa ukali ambao hajawahi kuupata, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo.