KARTI MBILI ZA PICHA: HESABU NJIA KWANZA

Wengi wanauliza: ordinatere ya michezo yenye karti mbili za picha inakimbia mara mbili? Hapana. Juu ya nini?

Karti ya picha inachomekwa katika karti-mama, na data zake zinapita katika njia za PCI Express mpaka kwa prosesa. Tuchukue prosesa Intel Core i7-8700K ya mwaka 2017: iko na njia 16 tu. Karti moja inazipata zote. Ukiongeza ya pili, karti-mama nzuri inagawanya: 8 huku, 8 kule. Ile ya bei ndogo haigawanyi. Karti ya pili inapewa njia 4 za pembeni, zenye kusongamana na diski. Kwa macho matundu yote mawili ni marefu sawasawa, kumbe ndani hapana. Hapo SLI ya NVIDIA ilikataa, sababu ilitaka njia 8 kwa kila karti. CrossFire ya AMD ilikubali 4.

Tena, katika SLI kumbukumbu haijumlishwi: karti mbili za GB 8 zinabaki GB 8, kwani kila moja inashika vitu vile vile.

Na tangu tarehe 1 Januari 2021, NVIDIA iliacha kutayarisha SLI ya michezo mipya kwa karti za RTX 20 na za zamani.

Basi, mwenye feza ya karti mbili anunue moja yenye nguvu. Luka 14:28 inatufundisha kuhesabu gharama mbele ya kujenga.